Italo Santelli, Mwalimu wa Vitara

Kila mmoja wetu aliyepata kucheza mpira analijua jambo hili: mkono ukigusa mpira, mwenye mkono ndiye wa kwanza kujua, hata kama refa hakuona. Wachache husimama na kukiri. Wengi huendelea kucheza, na wenzao hupiga kelele kwamba haukugusa. Nilipokuwa mwanafunzi mimi nilikuwa katika hao wengi, wala sina haja ya kuficha. Kwa ajili hiyo nimechagua kuwaandikia habari za mtu mmoja ambaye siku moja aliulizwa mbele ya watu aseme alichokisikia, naye akakisema, ingawa aliyeshtakiwa alikuwa mtu wa taifa lake mwenyewe. Mtu huyo ni Italo Santelli, Mtaliani aliyekuwa mchezaji hodari wa upanga, kisha akawa mwalimu wa mchezo huo katika nchi ya Hungaria kwa muda wa karibu miaka 50.

Mchezo wa upanga si wa viwanja vyetu, basi yafaa niueleze kwanza. Panga zake ni za namna tatu. Ya kwanza huitwa foili, nao ni upanga mwembamba. Mtu hupiga kwa ncha tu, na pigo halihesabiwi ila likipata kiwiliwili. Ya pili huitwa epei, ni nzito kuliko foili; hii nayo hupigwa kwa ncha, lakini mwili mzima ni shabaha, kuanzia kisogoni mpaka kidole cha mguu. Ya tatu ni kitara, ambacho asili yake ni silaha ya askari wapanda farasi. Kwa kitara mtu aweza kupiga kwa ncha au kwa ubavu wa makali, na shabaha ni kila mahali juu ya nyonga, pamoja na kichwa na mikono. Wachezaji huvaa kofia ya waya iliyofunika uso na koti nene, na panga zenyewe hazikunolewa.

Siku hizi panga hufungwa nyaya za umeme, na pigo likipata taa huwaka. Lakini taa hizo zilianza kwa epei katika miaka ya 1930, kwa foili katika miaka ya 1950, na kwa kitara ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Zamani alikuwako mwamuzi mmoja na wasaidizi wanne, wawili kila upande, nao walitazama kwa macho yao tu. Na kitara hukimbia kuliko jicho. Basi ikawa desturi ya waungwana wa mchezo huo kwamba aliyepigwa akiri mwenyewe kuwa amepigwa, asingoje kuamuliwa. Naomba msomaji aikumbuke desturi hiyo, maana habari zote zitakazofuata zimeshikamana nayo.

Santelli alizaliwa mwaka wa 1866 katika kijiji cha Carrodano, karibu na bandari ya La Spezia, upande wa kaskazini wa Italia. Katika ujana wake Italia ilikuwa nchi moja kwa miaka michache tu, na wakuu wa jeshi walitaka askari wote wafundishwe upanga kwa njia moja. Kwa hiyo mwaka wa 1884 walifungua mjini Roma shule ya kuwafunza walimu wa upanga, na mkuu wake akawa Masaniello Parise, mtu wa Napoli. Santelli alipita katika mafunzo ya shule hiyo. Alitoka humo akiwa fundi kamili, maana pale mtu hakufundishwa kupiga tu, bali alifundishwa pia namna ya kumfundisha mwingine. Hizo ni kazi mbili mbalimbali, kama ajuavyo kila mwanafunzi aliyepata kufundishwa na msomi mkubwa asiyejua kueleza.

Hata ulipofika mwaka wa 1896, Wahungaria walifanya sikukuu kubwa mjini Budapest kuadhimisha miaka 1000 tangu wazee wao walipoingia katika nchi hiyo. Katika sherehe hizo kulikuwa na mashindano ya upanga, na Wataliani walialikwa. Santelli akaenda kushindana, na mchezo wake ukawapendeza sana wenyeji. Chama kimoja cha michezo mjini humo, kiitwacho kwa Kihungaria Magyar Atlétikai Club, kikamwomba abaki awafundishe vijana wake. Akakubali. Alikuwa na miaka 30, lugha yao haijui, na lugha hiyo haifanani na Kitaliani hata kidogo. Alikwenda kama mgeni wa mashindano. Akakaa mpaka akawa mzee.

Wahungaria hawakuwa wageni wa kitara. Askari wao wapanda farasi, walioitwa huza, walisifiwa Ulaya nzima kwa silaha hiyo. Walikuwa nao walimu wao na njia zao za kupiga. Nao Wataliani walikuwa wamekwisha kutengeneza kitara chepesi cha mchezo, na waliuzungusha mkono kuanzia kwenye kiwiko, kwa mapigo mapana. Santelli hakuwaambia Wahungaria wasahau waliyoyajua ili wawe Wataliani. Aliyachukua ya kwao na ya kwake akayachanganya: wepesi wa miguu, mapigo mafupi, na mkono unaotii vidole badala ya bega. Polepole pakatokea namna mpya ya kupigana kwa kitara, wala haikuwa ya Roma tu wala ya wapanda farasi wa zamani tu. Wazee wetu husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidhani kama katika michezo kuna mfano ulio bora kuliko huu.

Kazi ya mwalimu wa upanga si kusimama kando na kupiga filimbi. Hufundisha mtu mmoja mmoja. Mwalimu huvaa koti la ngozi, husimama mbele ya mwanafunzi akiwa na kitara chake, humfungulia nafasi kwa kusudi, na mwanafunzi hupiga. Akichelewa, nafasi hufungwa na yeye ndiye hupigwa. Akipiga vyema, pigo humwangukia mwalimu mwilini. Mwanafunzi mmoja akitoka, mwingine huingia. Fikirini basi mtu aliyepokea mapigo hayo kutwa, mwaka hata mwaka, ili wengine wapate kushinda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini hapa mwalimu ndiye aliyeinama, na mwanafunzi ndiye aliyekipata.

Mwenyewe alipata nafasi moja ya kujionyesha kwa ulimwengu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka wa 1900 paliwekwa mashindano ya pekee kwa walimu wanaolipwa mshahara. Santelli akawa wa pili katika vitara. Aliyemshinda alikuwa Mtaliani mwenzake, Antonio Conte. Baada ya hapo sifa yake ikawa katika mikono ya watu wengine.

Mikono hiyo haikuchelewa. Mwaka wa 1908 mjini London, na tena mwaka wa 1912 mjini Stockholm, Wahungaria walichukua nishani ya dhahabu ya vitara kwa timu, na Jenő Fuchs, mtu wa Budapest, akachukua dhahabu ya mchezaji mmoja mara zote mbili. Kisha vikaja vita vikuu vya mwaka wa 1914. Mwaka wa 1915 Italia iliingia vitani dhidi ya dola ya Austria na Hungaria, na hivyo nchi iliyomzaa Santelli na nchi iliyomlisha zikawa zinauana milimani. Vita vilipokwisha alikuwa bado mtu wa Budapest.

Nyumba yake ilikuwa kama yenye bendera mbili. Mwanawe Giorgio alizaliwa Budapest mwaka wa 1897, akafundishwa upanga na baba yake. Ilipofanywa Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1920 huko Antwerp, Hungaria haikualikwa kwa sababu ilikuwa upande ulioshindwa vitani. Giorgio alichezea Italia, akapata nishani ya dhahabu pamoja na timu ya vitara. Basi mwana alikuwa bingwa wa Italia, na baba alikuwa mwalimu wa Wahungaria. Miaka minne ikapita salama.

Sasa nimefika penye kiini cha habari yangu. Mwaka wa 1924 Olimpiki ilirudi Paris, na Santelli alikuwako pamoja na Wahungaria wake. Katika mashindano ya foili ya timu, Italia ilikuwa inapambana na Ufaransa, wenyeji wao. Aldo Boni wa Italia alisimama na Lucien Gaudin, Mfaransa mashuhuri. Mwamuzi alikuwa Mhungaria jina lake György Kovács. Kovács akatoa hukumu iliyompa Gaudin pigo, na Boni akawaka hasira, akamtukana mwamuzi mbele ya watu. Kovács akapeleka mashtaka, na wakubwa wa mashindano wakataka Boni aombe radhi. Boni akakana kabisa, akasema hakutoa tusi lolote.

Ikawa neno la mtu mmoja juu ya neno la mwingine. Kovács akasema yuko mtu aliyesikia, tena ajua Kitaliani tangu tumboni mwa mamaye: Italo Santelli. Akaitwa. Wote wanaosimulia habari hii wanasema hakutamani kusema. Walimsukuma mpaka akajibu. Nami naelewa. Angenyamaza, angewapendeza watu wa kwao. Angesema hakusikia vizuri, nani angemkamata? Lakini alisema kwamba ni kweli, Boni alitukana. Wataliani wakajitoa katika mashindano, wakaondoka ukumbini wakiimba wimbo wa chama cha Mafashisti kilichotawala Italia wakati huo.

Haikuishia hapo. Wataliani walitoa tamko la maandishi wakisema Santelli ametoa ushahidi ule kwa hofu, kwamba anaogopa Wahungaria wake watashindwa na Italia katika vitara. Yaani hawakusema kwamba amekosea kusikia. Walisema moyo wake umenunuliwa. Na kwa kweli timu ya Italia iliwashinda Wahungaria katika vitara mwaka huo, ingawa Sándor Pósta wa Hungaria alichukua dhahabu ya mchezaji mmoja.

Santelli alikuwa na miaka karibu 58. Kwa desturi ya watu wa namna yake katika Ulaya ya siku zile, aliyevunjiwa heshima hadharani alidai kupigana na mvunjaji kwa silaha za kweli, zilizonolewa, mbele ya mashahidi na waganga. Akamwita Adolfo Cotronei, kiongozi wa timu ya foili ya Italia, ambaye pia alikuwa mwandishi wa magazeti, waje wapigane. Giorgio alipopata habari akaingia kati. Sheria za mapigano hayo zilimruhusu mwana kusimama mahali pa baba mzee, naye akaidai haki hiyo. Walimwengu husema: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Walikutana mwezi wa Agosti mwaka ule ule huko Abbazia, mji wa pwani uliokuwa chini ya Italia, ambao leo huitwa Opatija na umo katika nchi ya Kroatia. Pambano halikuwa refu. Giorgio, bingwa wa Olimpiki, alimkata Cotronei kichwani, jeraha la kweli, waganga wakaingia mbio wakasimamisha mapigano. Ikahesabiwa kwamba heshima ya mzee Santelli imerudi.

Msinielewe vibaya, wasomaji. Simsifu mtu kwa kumpasua mwenzake kichwa, wala sioni kwamba damu ya Cotronei ilithibitisha lolote. Kama siku ile Giorgio angeteleza akakatwa yeye, je, ushahidi wa baba yake ungegeuka uwongo? Ukweli ulikuwa ukweli tangu pale ukumbini Paris. Ushujaa niuonao mimi si ule wa Abbazia, bali ni ule wa mzee kusimama penye watu wa kwao na kusema neno litakalomgharimu, wala mkononi hana silaha. Ni yale yale ya mchezaji kukiri pigo, ila safari hii pigo lilikuwa juu ya taifa zima.

Mwaka ule ule wa 1924 Giorgio alivuka bahari akaenda New York, akaalikwa kufundisha huko. Yeye naye akawa mwalimu mkubwa: aliongoza wachezaji wa upanga wa Marekani katika Olimpiki tano, za mwaka wa 1928, 1932, 1936, 1948 na 1952, na shule yake mjini New York ikajulikana kote. Alifariki mwaka wa 1985. Hivyo kazi iliyotoka Roma ikapita Budapest ikafika Marekani kwa mkono wa baba na mwana.

Baba alirudi kwa wanafunzi wake. Sisemi kwamba yeye peke yake ndiye aliyewafanya Wahungaria kuwa mabingwa. Alikuwako pia László Borsody, mwalimu wa Kihungaria aliyefundisha jeshini, na wajuzi wengi huwataja wote wawili pamoja. Lakini matunda yalionekana. Mwaka wa 1928 Hungaria ilichukua dhahabu ya timu ya vitara. Ikaichukua tena mwaka wa 1932 na mwaka wa 1936. Katika wanafunzi wa Santelli alikuwamo Attila Petschauer, kijana mcheshi, mwandishi wa magazeti, aliyepata dhahabu mbili katika timu na fedha moja peke yake mwaka wa 1928. Watu wa Budapest walimpenda sana.

Petschauer alikuwa Myahudi. Tangu mwaka wa 1938 serikali ya Hungaria ilitunga sheria za kuwabana Wayahudi, na vita vilipofika wanaume wao walipelekwa katika vikosi vya kazi ngumu, bila silaha, karibu na mstari wa mapigano huko Urusi. Petschauer alipelekwa huko, akafa mwaka wa 1943. Mwanamieleka Károly Kárpáti, bingwa wa Olimpiki wa mwaka wa 1936 aliyekuwa katika kikosi hicho hicho, alisimulia kwamba askari walimtesa mwenzake katika baridi kali, wakimvua nguo na kummwagia maji mpaka barafu ikamshika. Hakuwa yeye tu. Oszkár Gerde, aliyekuwa katika timu za dhahabu za mwaka wa 1908 na 1912, alikufa katika kambi ya Mauthausen mwaka wa 1944. János Garay, mwenye dhahabu ya timu ya mwaka wa 1928, alikufa katika kambi hiyo hiyo mwaka wa 1945. Endre Kabos, bingwa wa mwaka wa 1936, alikufa mwezi wa Novemba 1944 daraja moja la Budapest lilipolipuka naye yuko juu yake.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiri maisha haya. Mwaka wa 1924 mtu mmoja aliulizwa kama yuko na watu wake au yuko na ukweli, akachagua ukweli, ingawa jambo lenyewe lilikuwa tusi tu katika mchezo. Miaka 20 baadaye watu wengi waliona vijana waliowashangilia wakichukuliwa kwenda kufa, na wengi wakanyamaza. Sikubali kwamba mambo hayo mawili hayana undugu. Mtu asiyejizoeza kusema kweli katika mambo madogo, ulimi wake utakuwa mzito siku jambo kubwa litakapokuja.

Italo Santelli alifariki mwaka wa 1945, mwaka vita vilipokwisha, akiwa na umri wa karibu miaka 80. Mchezo aliowajengea haukufa pamoja naye. Wahungaria walichukua tena dhahabu ya timu ya vitara mwaka wa 1948, 1952, 1956 na 1960, ikawa Olimpiki saba mfululizo bila kushindwa tangu 1928. Walimu wa Kihungaria walitawanyika katika nchi nyingi wakifundisha namna ile ile, na wapo wachezaji wengi leo wapigao pigo lake bila kulijua jina lake. Hiyo ndiyo bahati ya walimu wote.

Ninyi mlio darasani, nafasi yenu iko uwanjani jioni hii, refa atakapokuwa amegeuka upande mwingine. Na sisi tuliomaliza, tulio maofisini na vijijini, nafasi yetu itakuja siku tutakapoitwa kutoa ushahidi, na anayeshtakiwa ni ndugu, au mtu wa kabila letu, au mtu wa chama chetu. Watu wa kwetu watatutazama usoni wakingoja tuseme kwamba hatukusikia vizuri.